Kupikia na Port, Sherry na wenzake: mchuzi umegoma, kosa liko wapi?

Wengi wanaoanza kupikia hizi waini kali, yaani Port, Sherry, Marsala, Madeira, wanazichukulia kama waini yoyote tu. Mtu kaona video wanapika rosti na glasi nzima ya waini nyekundu, na yeye anamimina glasi nzima ya Port, mchuzi ukigoma analaumu duka kwamba wamemuuzia feki. Siyo feki bana. Waini ya kawaida ina alkoholi kama asilimia 11 hadi 14, hizi zinaanzia 15 na zinafika mpaka 22 maana zimeongezewa spiriti wakati wa kutengenezwa, na nyingi zimebaki na sukari ya zabibu humo humo. Kwa hiyo kijiko kimoja tu kinaingiza ukali, utamu na uchachu kwa mpigo, na karibu kila tatizo hapa chini linaanzia kwenye kimojawapo kukosa kitu cha kukituliza ndani ya sufuria.

Naongelea jiko la huku kwetu Mwanza, sato na sangara wa Mwaloni Kirumba, maini na figo za buchani asubuhi, nyanya chungu, michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa), mkaa au mtungi wa gesi, na zile sufuria za alumini ambazo nazo zina kesi yao tutaifikia.

Kwanza geuza chupa usome

Hatua hii watu wanairuka na ndo ingewaokoa kwenye mengi. Port inatoka bonde la Douro kule Ureno, juisi ya zabibu ikishachachuka siku chache tu wanaikatisha kwa kumimina spiriti ya asilimia 77, hamira inakufa, sukari inabaki, ndo maana karibu Port zote ni tamu. Sherry ya Jerez, Hispania, wenyewe wanaacha ichachuke mpaka sukari iishe ndo waongeze spiriti, kwa hiyo aina zake za fino na oloroso halisi ni kavu kabisa, yaani hazina utamu, ila chupa ikiandikwa Cream au Pedro Ximénez jua hiyo ni tamu, tena Pedro Ximénez ni tamu mno, nzito mpaka inavutika. Marsala ya kisiwa cha Sicily, Italia, ikiandikwa secco, yaani kavu, ina sukari isiyozidi gramu 40 kwa lita, dolce, yaani tamu, ni zaidi ya gramu 100. Madeira, ya kisiwa cha Ureno, chupa ikiandikwa Sercial ni kavu, ikiandikwa Malmsey ni tamu. Vermuti ni ya familia hiyo hiyo ila imelowekwa majani na mizizi, kwa hiyo ina uchungu wa makusudi.

Na hizi waini tamu za zabibu za Dodoma tunazokutana nazo madukani? Angalia asilimia. Ikiwa 16 au 18 itumie kama Port. Ikiwa 12 hiyo ni waini tamu tu, sukari inayo lakini ule ukali wa kubeba harufu haina, itakusaidia kwenye rosti ila usitegemee makubwa. Na ukikuta chupa ya supermarket imeandikwa ni ya kupikia, halafu kwenye orodha ya vilivyomo kuna chumvi, iache hapo hapo kwenye shelfu, ukishaikausha mchuzi hauliki.

Mchuzi unapanda puani, harufu ya spiriti tupu

Sababu ni mbili na mara nyingi zinakuja pamoja. Waini imeingia mwishoni, au sufuria ilifunikwa, mvuke ukapanda ukagonga mfuniko ukadondoka tena chini, umezungusha alkoholi ile ile nusu saa nzima.

Waini iingie mapema. Kitunguu kimeshaiva, nyama imeshapata rangi, mafuta ya ziada umeyapunguza, hapo ndo unamimina, kabla ya nyanya na kabla ya supu, sufuria ikiwa wazi na moto umechangamka, huku unakwangua kwa mwiko yale yaliyoshika chini maana utamu wa nyama uko pale. Iache ipungue mpaka nusu. Kipimo ni pua, inamisha uso taratibu juu ya sufuria, kama bado inakuchoma subiri, ikibaki harufu ya matunda na karanga tu endelea na supu. Kama ulishaunga kila kitu na bado inawasha, funua, chemsha dakika kumi na tano hivi, ukiona inakauka ongeza supu ya mifupa isiyo na chumvi, siyo waini nyingine jamani, kuna watu wanaongeza waini eti ladha imekuwa kali haijakolea.

Hapo hapo niseme la moto. Unapomimina toa sufuria jikoni kwanza, na mimina kutoka kwenye kikombe, usimimine na chupa. Mvuke wa kitu chenye asilimia 20 unadaka moto wa gesi bila kupiga hodi, na mkaa uliokolea vilevile, na ukiwa umeshika chupa moto unaweza kuifuata mkononi.

Kuna jingine, ile imani kwamba pombe yote inaruka ikichemka. Hairuki yote. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha chakula kikichemka na pombe dakika 15 kinabaki na kama asilimia 40 ya ile alkoholi uliyoweka, nusu saa 35, saa moja 25, saa mbili 10, na ile ya kuwasha moto juu ya kikaango kama mahoteli ndo kabisa, inabaki kama 75. Huku kwetu mezani anaweza kukaa shemeji Msabato, jirani Mwislamu, na mama mkwe mlokole, kwa hiyo sema mapema kabla mtu hajanawa mikono, au pika sufuria mbili. Usijifiche nyuma ya kusema imeshachemka.

Mchuzi mtamu, unafanana na jamu

Hili ndo linaongoza, na linawapata zaidi wa Port. Piga hesabu, Port ina sukari kama gramu 100 kwa lita, kikombe cha chai cha mililita 250 kina gramu 25, hivyo ni vijiko sita vya chai vya sukari umeweka kwenye nyama. Ukichemsha maji na alkoholi vinaondoka ila sukari haiendi popote, kadiri unavyokausha ndivyo utamu unavyokaza. Halafu angalia na wenzake humo ndani, kitunguu kilichokaangwa mpaka kahawia ni kitamu, karoti tamu, hoho nyekundu tamu, na mtu bado anamalizia na tomato sosi ya chupa. Hapo Port imekuta utamu umeshafika kabla yake.

Usiongeze maji, maji yanausambaza utamu tu na kuua ladha nyingine. Anza na uchachu, ndimu kidogo kidogo, au ukwaju uliolowekwa ukachujwa, huu wa pili naupenda zaidi kwa nyama nyekundu maana ukwaju una uzito wake na haupigi kelele. Onja. Halafu chumvi kidogo, kusawazisha ladha. Ikiwa bado, tafuta uchungu, na hapa ndo penye raha, nyanya chungu. Zikate nusu, zitumbukize dakika za mwisho ishirini, ule uchungu wake unakamata sukari ya Port vizuri kuliko kitu kingine chochote ninachokijua sokoni kwetu, weka na pilipili manga iliyopondwa wakati huo huo, hiyo rosti na ugali wa muhogo utaniambia.

Kipimo cha kuanzia kwa nusu kilo ya nyama ni vijiko vitatu au vinne vya chakula vya Port, siyo glasi. Kama unataka wingi wa mchuzi uletwe na supu.

Kwa maini kuna ujanja zaidi. Maini yenyewe yana utamu fulani chini kwa chini na harufu ya damu, ukiyapika na Port tupu yanachosha baada ya tonge la tatu. Yakaange haraka kwa moto mkali, yatoe, mimina Port kwenye kikaango kile kile ikaushe na kitunguu na kijiko cha siki, rudisha maini dakika moja, basi. Figo mimi sizipeleki kwa Port kabisa, figo ni za Sherry kavu, Wahispania wanazipika hivyo toka zamani na wako sahihi, ukavu wa Sherry na kitunguu swaumu vinakata ile harufu ya figo ambayo utamu ungeikuza.

Uchungu umebaki ulimini

Inategemea uchungu wa wapi. Ukiusikia mwanzoni kabisa pamoja na harufu ya kuungua, sukari imeungua, na inaungua kirahisi sana pembeni mwa sufuria pale waini inaporuka na kukauka, jiko la mkaa ndo baya kwa hili kwa sababu moto wake hauupunguzi kwa kuzungusha kitufe. Hiyo haina dawa, mimina sufuria nyingine bila kukwangua chini na uonje kama kuna cha kuokoa. Uchungu wa kukausha mdomo, wa kama umetafuna mbegu ya zabibu, huo ni wa waini nyekundu iliyokaushwa kupita kiasi, unatulia kwa mafuta, donge la siagi ukiwa umeshazima moto, au karanga za kusaga kijiko kimoja. Na ukiwa ulitumia vermuti, basi ule ni uchungu wake wa kuzaliwa nao, vermuti haitaki kukaushwa sana, vijiko viwili kwenye samaki inatosha.

Ladha ya bati, na mchuzi umekuwa kijivu

Sufuria hiyo. Waini ina tindikali, ukiiacha inachemka muda mrefu kwenye alumini inalamba ile sufuria, ladha ya chuma inaingia kwenye chakula na rangi inafifia. Utaona na sufuria imeng'aa mahali palipokuwa na weusi. Tumia ya stili, ya kauri, au chungu cha udongo kilichozoea moto, na kama huna kabisa fanya ile hatua ya kukausha waini kwenye kikaango kisichoshika kisha umimine kwenye alumini na supu, muda wake ukiwa mfupi haidhuru sana.

Ila kama sufuria ni nzuri na rangi imekuwa ya zambarau iliyokufa inayoelekea bluu, uliza swali moja, maharage yalichemshwa na magadi? Rangi ya zabibu nyekundu inakaa nyekundu penye uchachu, ikikutana na magadi inageuka bluu, na ladha inakuwa ya sabuni. Nimeona watu wanataka kupika maharage na Port na nyama ya moshi, wazo zuri kabisa, lakini yale maharage yalishawekwa magadi ili yaive haraka. Loweka maharage usiku kucha, chemsha bila magadi, na waini iingie yakiwa yameshalainika maana uchachu nao unafanya ngozi ya haragwe igome kuiva. Ukishaharibu, ndimu inarudisha rangi kiasi, ladha ya sabuni hairudi nyuma yote.

Samaki amezidi shombo

Mtu kachukua sangara mzuri, mbichi wa leo, kamtia Port nyekundu, nyumba nzima inanuka mwalo. Siyo samaki aliyeoza. Watafiti wa Japani mwaka 2009 walionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye waini yakikutana na mafuta ya samaki yanazalisha harufu za shombo hapo hapo mdomoni, na waini nyekundu nyingi ndo zina chuma cha kutosha kufanya hivyo. Sasa sangara ana mafuta, dagaa ndo usiseme, kwa hiyo Port nyekundu na dagaa ni ndoa ambayo mimi siifungishi.

Sato anataka fino au vermuti kavu, kidogo. Mchane, msugue chumvi na ndimu, mkaange mpaka ngozi ikauke, mtoe pembeni, kwenye kikaango weka kitunguu swaumu, tangawizi kidogo, nyanya moja bila mbegu, vijiko viwili vya Sherry kavu, ikichemka na kupungua mrudishe sato juu ngozi ikiangalia juu ili isilowe. Sangara wa minofu anavumilia Marsala kavu pamoja na uyoga. Samaki wa moshi ni habari nyingine, moshi unahitaji kitu chenye harufu ya karanga na mbao, hapo oloroso inakaa vizuri, chemsha kambare wa moshi na karanga za kusaga na malizia na kijiko kimoja cha oloroso kilichochemshwa pembeni. Kayabo, yule samaki wa kukaushwa na chumvi, achana nayo, chumvi yake ukikausha na waini ni balaa.

Maziwa au krimu imekatika

Uchachu pamoja na alkoholi vimeyavunja maziwa, hasa yale fresh ya asubuhi yasiyo na mafuta mengi. Waini ikaushwe kwanza mpaka ibaki kama robo, ipoe kidogo, ndo krimu iingie, moto mdogo, isichemke kwa fujo. Krimu nzito inavumilia, maziwa ya kawaida hayavumilii, na tui la nazi nalo linakatika likichemshwa sana. Mchuzi ukishakatika unaweza kuuchuja na kuusaga na blenda pamoja na kiazi kilichochemshwa, utaonekana sawa, mgeni hatajua.

Pilipili imekuwa kali kuliko uliyoweka, au chumvi imepanda

Pilipili na alkoholi vinapeana nguvu, ule moto wa pilipili unapenya zaidi. Punguza nusu ya pilipili uliyozoea, au iweke mezani kila mtu ajipimie. Chumvi ni kesi ya kiungo cha kidonge, unaweka kidonge mwanzoni halafu unakausha mchuzi mpaka nusu, chumvi imebaki yote. Kidonge kije mwisho kama bado unakitaka, na ukiwa na supu ya mifupa hutakitaka.

Nimeweka na siisikii kabisa

Mara nyingi ni pilau masala. Karafuu, iliki, mdalasini, binzari vyote kwa pamoja vinaimeza waini yoyote, umepoteza hela. Hizi waini zina harufu zao tayari, kazi yako ni kuchagua mwenza mmoja au wawili wanaofanana nazo au wanaozikamilisha. Port changa nyekundu ina matunda mekundu na meusi, inakubali zambarau, rozela, karafuu moja tu, pilipili manga. Port ya kahawia, tawny, imekaa kwenye mapipa inanukia karanga na sukari iliyoungua kidogo, hiyo inaenda na karanga, korosho, ndizi iliyokaangwa. Madeira ina uchachu mkali chini ya utamu, ina ganda la chungwa, iweke na machungwa ya Ukerewe na bata. Marsala na uyoga, sihitaji kueleza, Waitaliano wameshamaliza hiyo kesi. Na Pedro Ximénez jaribu kwenye michembe, chemsha michembe mpaka ilainike, mwaga maji, nyunyiza kijiko kimoja cha hiyo Sherry na chumvi ya kuonea tu, halafu karanga zilizokaangwa juu. Mananasi ya Geita yaliyochomwa kwenye mkaa na Port ya kahawia nayo ni tamutamu ya maana, ila usiweke sukari kabisa.

Sababu nyingine ni muda. Rosti ya saa tatu inapoteza zile harufu nyepesi, kwa hiyo gawa, sehemu kubwa mwanzoni, kijiko kimoja dakika kumi za mwisho sufuria ikiwa wazi.

Na ya mwisho ni chupa yenyewe imechoka. Watu wanadhani kwa kuwa ni kali basi haiharibiki, inakaa juu ya kabati karibu na jiko toka Krismasi. Fino ikishafunguliwa ni ya friji na wiki moja hivi, baada ya hapo ladha yake inakufa. Port nyekundu changa wiki chache, ya kahawia na oloroso zinakwenda mwezi na zaidi, zote kwenye friji, kizibo kimebana, chupa imesimama. Inayovumilia ni Madeira, kwa sababu inatengenezwa kwa kupashwa joto, nyuzi 45 hadi 50 kwa miezi mitatu au zaidi, ikaungana na hewa huko huko, joto la Mwanza haliistui, miezi kadhaa baada ya kufunguliwa bado inapika. Kama unapika na hizi vitu mara moja moja tu na huna nafasi kwenye friji, nunua Madeira uachane na nyingine.